Chungu Kilichojazwa kwa Chini

Harufu ya udongo mbichi ilitupokea mlangoni kabla ya harufu ya chakula. Nyumbani kwetu Ikuti mvua haikujua kupumzika, kwa hiyo mama alivianika vyungu vyake jikoni, juu ya uchaga, pamoja na mikungu ya ndizi, vikakauka taratibu kwa moshi. Mama alikuwa Mkisi wa kando ya Ziwa Nyasa, akaolewa huku milimani na kuja na ufinyanzi wake. Mimi, binti yake wa pekee, niliruhusiwa kukanyaga udongo na kuokota changarawe, basi. Kufinyanga alininyima. "Tumpe, wewe soma," alikuwa akisema. "Kazi hii inakufa, sitaki ufe nayo." Niliumia sana. Wenzangu walitamani viatu. Mimi nilitamani ule udongo uliozunguka chini ya vidole vyake.

Na kweli kazi ilikuwa inakufa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, na soko la Tukuyu lilijaa ndoo na majagi ya plastiki ya kila rangi. Mzee Shabani, aliyepanga plastiki zake jirani na vyungu vyetu, hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Mara nyingi alitugawia chai yake. Lakini wateja walitupita wakaenda kwake. Mwishowe mama akasema kwamba soko lijalo akirudi na mzigo wote, anaacha, anakwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu.

Wiki hiyo alifinyanga kitu nisichowahi kukiona: chungu kilichozibwa juu kabisa, chenye kimrija cha kumiminia ubavuni, kama cha birika, na tundu kwenye kitako. Kutoka kwenye tundu hilo bomba la udongo lilipanda ndani hadi karibu na juu. Shangazi yake alikuwa akivitengeneza vya namna hiyo kuwatania wakwe harusini: wanakabidhiwa chungu, wanaambiwa wajihudumie.

Wanawake wa kwetu hawanunui chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kukichungulia ndani. Bibi mmoja kutoka Matwebe alikigonga kile, akatafuta pa kuchungulia, akakosa, akakipindua na kukuta tundu. "Mama Tumpe, hiki umekosea," akasema kwa huruma. Watu wakaanza kusogea. Mama akakishika kichwa chini, akaniambia nimimine kwenye tundu, niache kabla maji hayajafika kwenye kimrija. Nikaazima jagi la Mzee Shabani. Nikamimina kwa pupa, nikapitiliza, maji yakachuruzika kwenye kimrija na kumlowesha bibi miguu. Wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua nimemmaliza mama.

Yeye hakunitazama. Alikigeuza chungu, akakiinua juu ya vichwa vyao, tundu likiwa wazi. Halikutoka hata tone. Kicheko kikakatika. Kisha akakiinamisha, na maji yakamiminika kutoka ubavuni hadi kwenye viganja vya bibi. Mzee Shabani mwenyewe aliacha meza yake akaja kushangaa. "Maji yamekaa pembeni ya bomba," mama akaeleza, "hayafiki juu yakashukia humo." Bibi akaagiza kimoja kwa harusi ya mjukuu wake. "Ndaga fijo," akashukuru kwa Kinyakyusa, na wengine, wakiwa wamesimama pale, wakaanza kugonga vyungu vya kupikia. Tulirudi Ikuti na vitatu tu.

Asubuhi yake mama alikata bonge la udongo, akaliweka karibu na lake. "Kaa hapa," akasema. "Kumimina kwenyewe kumekushinda, na kufinyanga pia utakosea. Lakini kaa." Nililia, wala hakuninyamazisha.

Leo plastiki ni nyingi kuliko wakati ule, na bado kuna watu wanaonipigia simu kutoka Mbeya kutaka vyungu vya maharage. Sijatajirika. Mama haoni vizuri tena. Jioni hupitisha vidole kwenye kazi yangu ya siku, polepole, akasimama mahali. "Hapa panene, Tumpe." Nami hupakwangua upya, nikifurahi kupita kiasi, kwa sababu hajaacha kunifundisha.