Swali Ambalo Mganga Angelijibu

Kwetu, bara ya Kinango, hakuna mtu aliyekufa tu. Ukifa, umeuliwa; kilichobaki ni kujua na nani. Mtu akifiwa na mtoto au ng'ombe, alishika njia kwenda kwenye mburuga, yaani kwa mganga wa kupiga bao, akaketi kimya bila kutaja shida yake, na mganga akaitafuta mwenyewe mpaka akaifikia. Wala hakutaja jina. Alisema: ni mwanamke, ni mzee, mnaamkiana kila asubuhi. Jina mlijaza wenyewe.

Sisi Wakristo mburuga tulikatazwa. Haya, sawa. Lakini hakuna aliyetuambia swali letu tulipeleke wapi, na watu wazima wanaopenda kukataza wangefikiria na hilo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja. Mvua ndiyo iliyokataa. Mahindi yalikauka yangali kimo cha goti, na bwawa likabaki tope la kugombaniwa na mbuzi. Baba alikuwa kibarua wa reli Mackinnon Road, akija nyumbani mara mojamoja na unga begani. Mjini mwetu, yaani katika boma letu, tulikuwa mimi, mama, ndugu yangu mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na nyanya, mamake baba, katika nyumba yake ng'ambo ya uwanja.

Nyanya na mama walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Nyanya hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa, na tangu mama abatizwe hakuukanyaga mlango wetu. Jumapili alikaa barazani kwake akitungoja tupite, akapaza sauti: "Nisalimieni huyo Mungu wenu wa mabati!" Kanisa ndilo lililokuwa jengo la pekee lenye mabati kule kwetu. Mama alinung'unika njia nzima. Mimi nilicheka kichinichini, maana nyanya alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu.

Surua ikaja juu ya njaa. Mama alimfunga ndugu yangu mgongoni kwa leso, akaenda naye zahanati kwa miguu, akapewa dawa, akarudi naye. Mwalimu wa kanisa letu, mzee mmoja mpole, alikuja kumwombea, akafunga kula kwa ajili yake. Mtoto alikufa asubuhi, uji wake ukiwa bado mekoni.

Matanga yalipokwisha, akaja baba mkubwa. Huyu hakuzaliwa na nyanya. Mamake alikuwa mke mwenzake nyanya. Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Alitupa mahindi yake akalala na njaa. Lakini aliamini kama wote walivyoamini. Alimwambia mama, "Shemeji, mtoto haendi hivihivi. Nipe ile leso aliyobebewa, nikaulizie mimi. Wewe na kanisa lako kaeni nyumbani, dhambi iwe yangu." Mburuga ilitaka nguo ya marehemu.

Mama alijua, nami nilijua, jibu lingemwangukia nani. Nyanya alikuwa amewashinda umri wenziwe wote, macho yake mekundu kwa moshi, na ulimi wake haukuwa na adabu. Watu walikuwa wameanza: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Mwaka uliotangulia, mji wa jirani, ajuza mmoja alielekezewa kidole hivyohivyo. Nyumba yake ilivunjwa yeye akitazama, na huyo alikuwa na bahati.

Mama hakukataa. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Njoo Jumatatu."

Siku zile nilimtazama mama nikamwogopa. Aliitoa leso, akaikunja, akaikunjua. Akimwona nyanya anatoka nje, alimkazia macho mpaka nyanya anarudi ndani. Nyanya aliacha maneno yake. Aliacha hata kukohoa.

Jumapili tukaenda kanisani. Wakati wa maombi, mwalimu alitutaka tutoe shukrani, na mama akasimama. Nilifikiri atamshukuru Mungu kwa waliokuja matangani, kama desturi. Akasema, "Ee Mungu, mimi leo sina shukrani. Nimekuja kukuuliza. Kwa nini mwanangu? Nilikuomba, nilifunga, dawa nilimpa. Kwa nini?"

Mwalimu akasema taratibu, "Mama, keti. Mungu haulizwi kwa nini."

"Siketi," mama akasema. "Mwanawe mwenyewe alimwuliza, akiwa msalabani, mbele za watu, na sijakusikia hata siku moja ukisema kwamba alikufuru. Mimi ni nani nisiulize? Mwalimu, sikiliza. Mkinikataza kuuliza hapa, kesho nitakwenda kuuliza kule. Na kule kuna majibu! Kesho wananijia kuchukua leso ya mwanangu, na kesho kutwa kuna mzee ambaye hatakuwa na nyumba. Nami nimelitamani jibu hilo. Mungu anisikie, nimelitamani hata likiwa la uongo, maana ningepata wa kumchukia."

Mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kulia. Mwalimu alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, nami nikajua anataka kuanzisha wimbo atufunike. Hakuuanzisha. Alikiweka chini, akasema, "Basi uliza, mama. Uliza hapahapa." Mama akauliza tena, kwa Kiduruma mara hii, kwa sauti ya matangani, sauti ambayo kanisani hatukuruhusiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sitajaribu kuyaandika aliyoyasema. Alipochoka aliketi. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni, na mwalimu hakujifanya kuisikia. Alisema amina, tukaenda zetu.

Jumatatu baba mkubwa akaja mapema. Nilikuwa nikifagia uwanja, na nyanya alikuwa barazani kwake akichambua mboga zilizokwisha chambuliwa.

"Leso," baba mkubwa akamwambia mama.

"Sitoi," mama akajibu. "Nimekwisha uliza mwenyewe."

"Umemwuliza nani?"

"Mungu."

"Enhe! Kasema nini?"

"Hajasema."

Baba mkubwa alicheka, kicheko cha huruma si cha dhihaka. "Shemeji, utangoja mpaka lini?"

"Sijui. Lakini swali langu liko kwake, na siwezi kuliuliza pande mbili. Aliyenizalia mume hatatolewa katika mji huu kwa leso yangu." Yalikuwa maneno ya ukali, na huku mama alikuwa akilia wazi, bila kujifuta. Baba mkubwa akatikisa kichwa, akaondoka. Bila ya leso iliyotolewa na mama mzazi, mburuga isingekuwa na nguvu, na yeye alilijua hilo.

Ndipo nyanya akainuka. Alikata uwanja polepole, akafika mlangoni petu, akasimama hapo kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mama akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilidhani atashukuru, lakini nyanya hakuwa mtu wa kushukuru. Alikuwa na hofu, naye hakuificha. "Mwanangu, ni kweli hajakujibu?"

"Hajanijibu, mama. Pengine hatanijibu."

Nyanya alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Basi usichoke," akamwambia. "Nakuomba, mwanangu, usichoke. Kesho muulize tena."