Fahali wa Mzee Gaspari Ananitia Wivu

Wanaume wengine hapa Mgori wanawaonea wivu wenye maduka. Mimi namwonea wivu fahali. Cheka tu, lakini inauma.

Mke wangu Luciana anachora ng'ombe. Mfugaji akiwa na fahali anayempenda, na fahali huyo anakaribia kutolewa mahari, humwita Luciana amchore kwanza ili picha ibaki ukutani. Na wafugaji wa huku hawadanganyiki: ukikosea doa moja watakwambia huyo si fahali wao.

Tulipokwenda Singida mjini kununua pasteli, zile rangi za vijiti, muuzaji alitutolea boksi la zile za mafuta, zinang'aa kama zimepakwa siagi. Mimi nilizipenda palepale. Luciana akajichora mstari mkononi, akaugeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Ngozi ya ng'ombe haing'ai hivi, Baba Editha."

Akachagua zile kavu zenye unga kama chaki, kijiti kimoja kimoja, kahawia nyingi kuliko rangi nyingine zote. Nyeusi hakuigusa. Anasema ng'ombe mweusi hutoka vizuri ukipaka bluu, kisha kahawia nzito juu yake.

Juzi tulikuwa kwa Mzee Gaspari. Baada ya shikamoo, Luciana akabandika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye ubao, maana karatasi laini haishiki unga. Akaanza na rangi za giza, akasugua kwa kidole, kisha akapandisha zile nyepesi. Na macho yake sasa! Anaangalia nundu, anaangalia shingo, anamwomba mzee amgeuze fahali kidogo, anarudi nyuma, anaangalia tena. Jua limepanda, mke wangu hachoki. Mimi niko kwenye gogo, roho inaniuma. Tangu nimuoe hajawahi kunikazia macho namna ile.

Mzee alipoiona picha alijifuta machozi kwa kofia. Mimi nikanuna njia nzima.

Tulipofika nyumbani uzalendo ukanishinda. "Kumbe ili mtu aangaliwe kwenye nyumba hii lazima awe na pembe!"

Luciana alicheka mpaka akakaa chini. "Unamwonea wivu ng'ombe?"

"Ndiyo, namwonea! Nichore na mimi."

Nikavaa shati la kanisani, nikakaa kwenye kigoda uani, kifua mbele. Yeye akachukua karatasi, akachagua vijiti vyake, akainama. Akachora, akasugua, akachora. Hakuinua uso hata mara moja. Nikakohoa. Nikageuza shingo huku na huku. Wapi! Nikainuka kwa hasira, nikamnyang'anya karatasi.

Nilikuwa mimi. Kovu chini ya kidevu, jicho la kushoto linalosinzia, hata mikunjo ya paji la uso ninaponuna.

"Umenichoraje na hukuniangalia?"

Alijifuta vidole kwenye kitenge. "Wale ni ng'ombe wa watu, Baba Editha. Siwajui."