Siku Tatu Nilizozifuta

Miaka ya hamsini, kabla vidonge vya kuzuia mimba havijafika kwetu, watu wa Tanga walikuwa na njia yao ya kuachanisha watoto. Mama akijifungua alirudi kwa wazazi wake, akakaa huko mpaka mtoto aache ziwa. Mume alikwenda kusalimia mchana, akapewa chai, akarudi zake.

Mke wangu alitakiwa akae kwao Moa miaka miwili. Nilikataa. Nilikuwa karani, nimesoma sekondari, na chumba chetu cha Makorora hakikuwa na ladha bila yeye. Mpaka leo nazikumbuka asubuhi zile: nguo za mtoto zinanukia ubani, chapati za maji zinaiva, naye anaimba kwa sauti ndogo asimwamshe binti yetu.

"Niachie mke wangu, mama," nilimwomba mkwe. "Tutahesabu siku."

"Haya, hesabuni. Lakini mjukuu wangu asije akabemendwa."

Kwetu, mama akishika mimba angali ananyonyesha, na mtoto wa ziwani akakonda, husemwa amebemendwa. Aibu huwa ya mama.

Hesabu yenyewe nilifundishwa na rafiki yangu, dresa wa hospitali. Alinionya kwamba kwa mwanamke anayenyonyesha haiaminiki sana, na kwamba ukiruka hata siku moja umejidanganya mwenyewe. Binti alipofika miezi sita, siku za mama yake zikarudi. Nikaanza kutia alama za penseli kwenye kalenda tuliyopewa na Mhindi wa dukani. Kila alama ilikuwa siku ya kulala mbalimbali. Mke wangu alisoma Kiarabu zaidi yangu katika chuo cha Kurani, lakini kalenda ya Kizungu hakuizoea, akaniachia. Yeye alikuwa akihesabu kwa mwezi mwandamo.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha kazi ikanipeleka Korogwe siku kumi. Niliporudi, Jumamosi mchana, nilimkuta amepika wali wa nazi na changu wa kukaanga, amejifunga kanga mpya. Nikaitazama kalenda. Zimebaki alama tatu.

Alipotoka uani kuosha sufuria, nilichukua kifutio nikazifuta zote tatu.

"Kalenda yako inasemaje?" aliuliza aliporudi.

"Salama. Zilikwisha jana."

"Mbona mimi naona bado? Mwezi haujafika ninapoujua."

"Mwezi haukusoma sekondari."

Alicheka, akanigonga begani kwa upawa. "Haya, msomi wangu."

Mwezi uliofuata hakuona siku zake, wala uliofuata huo. Maziwa yakapungua, binti akaanza kukonda. Bombani wanawake hawakumwacha mke wangu.

"Shoga, mtoto hajasimama dede, wewe ushaingiwa na pupa!"

"Mwacheni, kitanda cha karani kina godoro la sufi."

Haya nilisimuliwa na jirani. Mke wangu alitua ndoo tu, akaendelea na kazi.

Habari zikafika Moa. Mkwe akaja na lori la asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaketi mkekani na kumpakata mjukuu, akimpapasa mbavu.

"Nani alikuwa anahesabu?" aliuliza.

Nilifungua kinywa. Mke wangu akaniwahi.

"Mimi, mama. Nilizisahau siku."

"Umezisahau? Za Ramadhani mbona huzisahau?"

"Nisamehe, mama."

Nilikuwa nimekaa kitini, nimevaa tai, tayari kwenda kazini. Neno moja lingetosha. Nilikifunga kinywa changu.

Mkwe akaondoka na mke wangu na binti wiki ileile. Huko Moa binti alinyweshwa maziwa ya mbuzi na uji, akanenepa tena. Mwanangu wa kiume alizaliwa salama, na mke wangu akanirudia na watoto wawili. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Lakini lile neno lilimganda. Kila palipokuwa na harusi katika ukoo, mkwe aliwaketisha mabibi harusi, akawausia kuhusu kulea, kisha akanyoosha kidole: "Msiwe kama huyu wangu, kuhesabu siku kulimshinda." Mkwe alizikwa akiamini hivyo, na mke wangu naye akazikwa baadaye bila mimi kumsafisha kwa mtu yeyote. Katika harusi zile watu walikuwa wakiangua kicheko, mke wangu akicheka nao huku akijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nami, niliyezifuta zile siku, nilicheka pamoja nao.