Mtihani wa Baba huko Bulengera

Baba aliendesha kamyo, lori la mizigo, tangu kabla mimi sijazaliwa, lakini waasi walipokuwa wanatawala mji wetu wa Butembo aliambiwa aende kufanya mtihani wa kuendesha, kama mtu anayeanza. Permi yake ya zamani, leseni ya udereva, iliungua pamoja na kamyo, kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha, karibu na Mbau. Kaka yangu mkubwa aliuawa siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo.

Walikuwa wamezoea kusafiri pamoja, baba kwenye usukani, kaka akiangalia mizigo. Risasi zilitoka kichakani, na mpaka leo hatujui walikuwa watu gani. Baba alimvuta kaka akamtoa nje, akamburuta mpaka kwenye shamba la mihogo, na huko kaka akakata roho. Wenyeji wa pale walisaidia kumzika haraka, ukingoni mwa shamba, bila sanduku, kwa sababu askari walikuwa wanafukuza kila mtu aondoke. Baba alirudi Butembo juu ya gari la watu wengine, na shati lake mama hakulifua. Alilichoma.

Kuanzia hapo mama alikuwa na neno moja tu: kaka aletwe nyumbani. Aliwaomba shofere wengine. Waliitika vizuri, lakini wakifika Mbau hakuna aliyekubali kusimamisha gari, seuze kupakia maiti na kupita nayo kwenye barieri zote, vile vizuizi vya askari wa waasi barabarani. Mwishowe baba akasema ataenda mwenyewe. Tajiri mmoja wa mji, aliyemjua kwa miaka mingi, alikubali kumpa kamyo yake. Ila barierini askari walikuwa wanadai permi mpya, ile ya utawala wao, na permi hiyo haikutoka bila mtihani.

Asubuhi ya mtihani mama aliniita jikoni.

"Enda naye," akaniambia. "Hapana mwache peke yake."

Tulishuka kwa miguu mpaka mtaa wa Bulengera. Kulikuwa na ukungu na baridi. Mtihani ulifanyika kwenye kiwanja nyuma ya depo ya kahawa, na askari wachache walikuwa wamekaa ukutani wakitazama, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine. Mpimaji alikuwa kijana wa rika la kaka, amevaa kofia ya sufu. Alimwamkia baba kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwa heshima, akamfungulia mlango wa kamyo ya mtihani.

Kwanza alimtaka aondoe gari kwenye mlima bila kurudi nyuma hata kidogo. Baba aliliondoa polepole kama anayebeba mtoto aliyelala. Akakunja kona nyembamba ya depo, akasimama alipoambiwa. Nikaanza kupumua.

Kisha ikafika zamu ya kurudi kinyumenyume kati ya mapipa. Mtu mmoja wa kiwanja alienda nyuma ya kamyo kumwongoza. Akapiga bodi kwa kiganja na kuita:

"Lete! Lete! Lete!"

Kamyo ilirudi kidogo, ikasimama. Moteri ikazima. Nilimwona baba kupitia kioo, mikono yake miwili juu ya usukani, anatazama mbele mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Papa, endelea," mpimaji akasema.

"Niko nasikia," baba akajibu.

Lakini hakuendelea. Yule mtu nyuma akapiga bodi tena na kuita kwa nguvu zaidi, na baba akainamisha kichwa. Askari mmoja akacheka: "Muzee ameshindwa!" Mpimaji hakucheka. Alipanda kwenye kamyo, akaivuta freni ya mkono yeye mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Leo tuache, papa. Utarudia jeudi."

Tulipanda njia ya nyumbani. Alikuwa amepewa mpaka Alhamisi. Karibu na soko baba akasimama, akajifanya anatoa jiwe kwenye kiatu.

"Ile kupiga bodi," akasema. "Ni yeye alikuwa anapiga vile."

Nilikuwa najua. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nasikia kaka akiita hivyo kila kamyo ilipoingia uani kwetu.

"Jeudi mi ndiye nitasimama nyuma," nikamwambia.

"Wewe? Batacheka."

"Bacheke."

Akafunga kiatu chake. "Basi hapana piga bodi," akasema. "Na lile neno, hapana sema."

Alhamisi mpimaji alinitazama, akamtazama baba, akakubali. Nilisimama kati ya mapipa na kitenge changu nimekifunga vizuri, moshi wa kamyo ukinijia usoni. Sikujua niite nini. Nikaita lililonijia:

"Papa, kuya! Kuya, papa! Kuya!"

Naye akaja. Gari kubwa vile, likanijia taratibu, bila kugusa pipa hata moja, mpaka nikainua mkono. Askari wa ukutani safari hii hawakucheka.

"Umepita, papa," mpimaji alisema, akampa mkono.

"Permi itatoka lini?"

"Unataka kazi haraka?"

"Nataka kufika Mbau. Mutoto yangu iko kule."

Permi ilitoka juma lile lile.

Mama alinunua shuka nyeupe, akaipiga pasi ya makaa, akaikunja ndani ya mfuko pamoja na jembe. Fundi wa mtaa alitengeneza sanduku, nalo likafichwa chini ya magunia ya chumvi ili askari wasilione. Baba alikuwa ameniahidi nitaenda naye, lakini habari za njia zilikuwa mbaya, akaniacha.

Aliporudi, mama alikimbilia nyuma ya kamyo kabla haijazima. Kulikuwa na mapipa ya mawese tu, na sanduku likiwa jepesi. Baba alishuka, akanawa uso, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Nilifika," akasema. "Batu bote bamekimbia. Nyumba hazina milango. Hata mwenye shamba siyui iko wapi."

"Na kaburi?" mama akauliza.

"Wakati ule tuliacha moja. Sasa iko mingi, mama. Iko mingi, na majani imeota juu."

"Haukuchimba?"

"Nichimbe mutoto ya nani?"

Mama hakulia mbele yetu. Alienda kumletea chakula, akasahau sosi, akarudi kuichukua, akabaki jikoni.

Baba aliendelea kuendesha kwa permi ile, kwa sababu ilibidi tule. Hakuniita tena kusimama nyuma, alirudisha gari peke yake kwa vioo. Tuliomba misa ya kaka bila mwili. Na kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wafu, watu wa parokia wanapoenda makaburini kusafisha, mama alikuwa anabeba jembe kama wengine. Mwanzoni nilidhani anaenda kwa bibi yetu. Alipita kaburi la bibi, akaenda chini kabisa, kwenye kaburi la mtu tusiyemjua, ambalo msalaba wake ulikuwa umeanguka, na hakuna aliyekuja kuliangalia. Akapalilia majani, akawasha mshumaa, akaukinga na upepo kwa mkono wake mpaka ukashika.