Mashine ya Marehemu Salum, Kariakoo

Nilitoka Morogoro kwa sababu ya simu ya shemeji Mwanaidi, mjane wa rafiki yangu Salum. Mashine ya kusagia viungo aliyoachiwa na marehemu ilikuwa ikigoma kila siku tangu atoke eda, na jioni ile mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja kuichukua. Ndiyo inayomlisha yeye na wanawe. Mimi ni fundi umeme, na Salum nilimpenda. Nikapanda treni ya asubuhi.

Kutoka stesheni nilikwenda kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Hapo ndipo Salum alipokuwa akinipokea, akinitania kwamba watu wa bara tunapotea hata kwenye uwanja mtupu. Safari hii hakuna aliyenicheka. Iliniuma sana.

Kariakoo nilipenya kati ya mikokoteni mpaka dukani, mbele ya nyumba wanayokaa.

"Karibu shemeji, pole na safari."

"Nimeshapoa. Haya, nionyeshe inavyogoma."

Akawasha, ikasaga vizuri. Alipozima tu, draivu, kile kisanduku kinachoongoza mwendo wa mota, ikaonyesha volti zimezidi na ikakataa kuwaka tena. Nikapima umeme unaoingia, ulikuwa sawa. Basi tatizo lilikuwa kwenye kusimama. Gurudumu la kusagia ni zito, na likikatishwa ghafla mota hugeuka jenereta, ikairudishia draivu umeme. Nikafungua mipangilio, nikakuta muda wa kusimama umefupishwa mno.

"Nani kafanya hivi?"

"Nilimwomba fundi wa hapa." Akakaa juu ya gunia. "Siku ya maziko walikuwa wanasaga bizari ya chakula cha msibani. Jeneza likatoka. Hapa mtaani jeneza likipita kila kitu kinazimwa. Wakazima, lakini ikaendelea kuunguruma. Mimi niko ndani nasikia. Mume wangu kapita mlangoni kwake mashine yake inapiga kelele, shemeji."

Draivu ile ndogo haina pa kufunga rizista ya kuumeza umeme ule. Nikamwambia ukweli: lazima iachwe izunguke mpaka isimame yenyewe.

"Hata jeneza likipita?"

"Hata likipita."

Nikaurefusha muda, nikafuta kosa kwenye draivu, nikaiwasha, kisha akazima. Ikaunguruma, ikapungua polepole. Mwanaidi akaiwekea kiganja, akalia mpaka iliponyamaza. Alipoiwasha tena, ikawaka. Mnunuzi alipofika akamwambia, "Samahani kaka, haiuzwi."

Nilirudi jioni ileile. Nilichojifunza ni kwamba kuzima ni mara moja, lakini kusimama kunataka muda wake. Nami tangu msiba nilikuwa nimejikaza. Treni ilipopita Pugu nikamlilia Salum, abiria wakiniangalia.