Majongoo Wawili wa Bahari

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mnyapara wa reli ya Mjerumani hapa Ihumwa, na bahari sijaiona hata siku moja. Karibu na kambi yetu Mchina mmoja amefungua mgahawa. Anapika vitu vya baharini vinavyoletwa vikavu kutoka pwani, anavichanganya na mlenda na karanga zetu.

Jana alipokwenda kuchota maji, nilitia mkono kwenye gunia lake nikaiba majongoo wawili wa bahari, wakavu, wadogo kama kidole gumba. Nikawatafuna mpaka taya zikauma.

Leo asubuhi nikachungulia jikoni. Wenzao walikuwa wamelowekwa kwenye beseni tangu jana, na kila mmoja amevimba kama kiazi kitamu!

Nikashika tumbo. Tangu hapo sikunywa hata tone. Nikakaza mkanda, nikasimamia kazi juani, midomo imepasuka, namwomba Mungu mvua isinyeshe.

Saa sita tumeketi mgahawani, Bwana Mjerumani, mkuu wetu wa kazi, akaingia na kiboko mkononi, maana Mchina alikuwa amemwambia kuwa ameibiwa. Akakagua gunia, akakuta tundu.

"Panya," akasema, akageuka kuondoka.

Mchina akaniona nalamba midomo. "Mnyapara, kiu itakuua. Kunywa," akasema, akinisogezea kata ya maji mdomoni.

"Usininyweshe!" nikapiga yowe. "Nitapasuka! Wawili wamo humu tumboni!"

Kiboko kiligeuka kwanza, Bwana akafuata.