Siku Bibi Alipocheza Mteremko

Mwezi uliopita nilirudi Tunduma kwa harusi ya binamu yangu. Wazee walipangwa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, wakapewa soda, na mshereheshaji akawaomba wawapigie makofi vijana wanaocheza. Wakapiga. Bibi mmoja alikuwa akitikisa bega kidogo sana, kama mtu anayeficha kikohozi. Nikaukumbuka ua wa jirani yetu, nikashindwa kumaliza pilau yangu.

Ungeupenda ua ule, rafiki yangu. Ilikuwa miaka ya tisini. Malori yalipanga foleni kuelekea mpakani tangu alfajiri, na vumbi liliingia mpaka kwenye chumvi. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Kondoa, muuza vitenge, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Kila Jumamosi baada ya alasiri alifunga duka, akafagia ua, akachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa, na wazee wa mtaa wakaja kucheza.

Hawakucheza ngoma ya kabila lolote, maana kila mmoja alikuwa ametoka kwao. Walikuwa na utaratibu wao: anayeingia katikati acheze kazi ya ujana wake, na wengine wote wamfuate. Dereva mstaafu alizungusha usukani wa hewa, kisha akarudi nyuma taratibu akichungulia kioo kisichokuwepo, nao wazee wote wakarudi nyuma wakigongana makalio.

"Baba, breki hizo zimeisha!" jirani alimpigia kelele.

"Breki zipo! Barabara ndiyo imeisha!"

Jirani mwenyewe alicheza kupima vitenge, mkono ukienda mbali na kurudi kifuani, huku akizunguka kama pia. Ngoma yao ilikuwa dumu tupu la mafuta ya kupikia, limegeuzwa kichwa chini.

Nyumbani kwetu hakukuwa na kicheko. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka milima ya Ileje baada ya babu kufariki, na watoto wake wote walikuwa wameshahama kule. Mjini hakuwa na shamba, wala mtu wa kuzungumza naye Kindali ila baba, ambaye alishinda mpakani. Akaanza kuacha chakula. Tulimpikia uji wa ulezi wake mwenyewe, akauonja, akasema maji ya huku hayana ladha. Mwishowe akamwambia baba, "Mvua zikikatika, unirudishe kwangu."

Baba hakuwa na ubavu wa kumkatalia mama yake. Aliahidi. Mama yangu alilia jikoni akichambua mboga. "Ataugua peke yake kule juu. Nani atampa maji? Nani hata atajua?" Na mvua zilikuwa zimebaki manyunyu tu.

Jirani alisikia, akaja. "Shikamoo, mama. Twende ukatucheke."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mjane, tena mtu wa kanisa. Nikacheze na watu nisiowajua?"

"Nani kasema ucheze? Chai ipo, kiti kipo."

Bibi akaenda, akaketi na kitenge chake mabegani, kikombe kikipoa mkononi. Dereva, kwa kumheshimu mgeni, akaamua siku hiyo kucheza kilimo. Alisimama wima, akatanua miguu sawasawa, akainua jembe la hewa juu ya kichwa na kulishusha kwa mbwembwe. Wenzake wakamfuata. Nilimwona bibi akifumba macho. Akavumilia. Jembe likapanda tena.

"Baba," bibi akasema, "unalima wapi hapo?"

Dumu likanyamaza. "Ileje, mama! Kwenu!"

"Ileje gani? Hapo unachimba choo."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko, na dereva ndiye aliyecheka kuliko wote. Bibi akaweka kikombe chini, akasimama. Kwao, alisema, shamba limesimama kama ukuta. Mguu mmoja unakaa juu, mwingine chini. Goti la juu unalikunja, na udongo unauvuta kuupandisha, la sivyo mvua ikinyesha shamba lako linahamia kwa mwenzio. Akaonyesha. Pale kwenye ardhi tambarare, mwili wake wote uliinama kana kwamba mlima umepenyezwa chini ya nyayo zake. Akavuta, akapumua kwa kishindo, akavuta, akapanda hatua. Mpiga dumu akabaki kumfuata yeye.

Wenzake wakajaribu. Jirani alimwangukia dereva, dereva akaangukia benchi.

"Kunja goti, mwanangu! Unakwenda bondeni!" bibi alifoka, kisha akacheka mpaka akajifuta macho. Jioni ile alikula ugali, akaomba aongezewe mboga.

Mvua zikakatika. Baba akapata gari la kwenda Ileje, akamwuliza wafunge safari lini. "Jumamosi ipite kwanza," bibi alijibu. "Bado hawajajua kupalilia." Ilipopita, wakawa hawajajua kuvuna. Halafu hawakujua kupandisha maji kutoka mtoni. Baba akaacha kuuliza.

Nilikuwa sekondari alipofariki. Tulimzika Ileje, kando ya babu. Wazee wa ua walitufuata wamebanana kwenye gari la mizigo, jirani na baibui lake, dereva na fimbo. Asubuhi baada ya maziko walipanda polepole hadi shambani kwake, nyuma ya nyumba, penye nyasi zenye umande. Dumu hawakulibeba. Jirani alianza kupiga makofi, nao wakaweka mguu mmoja juu, mwingine chini.

Hakuna aliyeanguka. Goti lilijikunja lenyewe. Miaka yote ile walikuwa wakiyumba, kumbe walichokosa ni mlima tu. "Sasa nimekuelewa, mama," dereva akasema, akiutazama udongo, na akaendelea kuuvuta kuupandisha.

Sikuwaona tena wakicheza wote pamoja. Jirani alirudi kwao Kondoa, ua ukamwagwa kokoto ukawa maegesho ya malori, na lile shamba la bibi limepandwa miti ya mbao. Hatua zao zote ninazo: usukani, vitenge, mteremko. Ila zile hazikuwa hatua za mtu mmoja. Zilitaka mzee aingie katikati, na wengine wakubali kumfuata.